Zege la majivu, kifusi na chupa zilizosagwa: kutafuta chanzo cha hitilafu

Zege lenye malighafi ya taka likiharibika, anza kwa kuuliza dalili ilijitokeza lini. Iliyojitokeza zege likiwa bado bichi mara nyingi ni ya maji. Ya usiku wa kwanza mara nyingi ni ya uchafu unaoizuia saruji kushika. Inayoonekana kwenye vipimo vya siku 28 ni ya majivu yenyewe, au ya namna yalivyopimwa. Inayokuja baada ya miezi au miaka ni ya kemia, na hiyo ndiyo ngumu kutibu.

Halafu soma mfuko wa saruji. Hatua hii hurukwa sana, na kuiruka huleta hasara kuliko kuruka nyingine yoyote. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 197-1, mfuko ulioandikwa CEM I una klinka (mawe yaliyochomwa tanurini ambayo ndiyo saruji yenyewe) isiyopungua 95%. CEM II/B tayari una asilimia 21 hadi 35 ya vitu vingine, kama pozolana (unga unaoshika ukikutana na chokaa na maji), slagi (masalia ya kuyeyusha chuma) au unga wa mawe ya chokaa. CEM IV/B una asilimia 36 hadi 55 za pozolana na majivu. Chukua CEM IV/B yenye klinka 55%, uondoe moja ya tano uweke majivu yako: klinka inabaki 44%. Majivu hufanya kazi kwa kula chokaa inayotolewa na klinka inapokutana na maji. Klinka ikipungua kiasi hicho, chokaa haitoshi, na majivu yaliyozidi hukaa humo kama mchanga laini tu. Viwango vya kubadilisha saruji vinavyotajwa hapa chini ni vya CEM I. Mfuko ukiwa wa CEM II, punguza sana. Ukiwa wa CEM III (saruji ya slagi) au IV, usiongeze kitu.

Zege linakauka kabla ya kufika kwenye fomu

Zege linatoka kwenye mashine likiwa laini. Dakika 20 baadaye toroli linafika kwenye fomu (mbao za kumwagia zege) na zege halimwagiki tena. Fundi anachota ndoo ya maji, na nguvu ya zege inaondoka na ndoo hiyo.

Mshukiwa wa kwanza ni kokoto inayokunywa maji. Kokoto ya kifusi cha zege imebeba mota ya zamani (mchanganyiko wa saruji na mchanga) iliyojaa vitundu, na hunywa kati ya 3% na 10% ya uzito wake. Kokoto nzuri ya mawe asilia hunywa chini ya 2%. Tofali za kuchoma zilizovunjwa hufika 10% hadi 20%, na vifuu vya nazi au maganda magumu ya mbegu za mawese huweza kuvuka 20%.

Pima mwenyewe. Lowesha kilo 2 za kokoto kwa saa 24, mwaga maji, zifute kwa kitambaa hadi ule mng'ao wa maji upotee, kisha pima uzito. Zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi, au kwenye sufuria juu ya moto mdogo, hadi uzito uache kushuka. Zikiwa gramu 2,130 zilipofutwa na gramu 2,010 zilipokauka, tofauti ya gramu 120 ugawanye kwa 2,010: unapata karibu 6%. Sasa hesabu ya mita moja ya ujazo ya zege yenye kilo 1,000 za kokoto hiyo. Ikiwa kokoto ina unyevu wa 2% tu siku ya kazi, itanyonya lita 40 nyingine. Zege la kawaida huchanganywa kwa lita 175 hivi za maji, kwa hiyo karibu robo ya maji inaingia ndani ya kokoto, na sehemu kubwa huingia katika nusu saa ya kwanza.

Tiba ni kuishibisha kokoto kabla. Iloweshe siku nzima, iache juu ya turubai ichuruze, uitumie ikiwa imeshiba ndani lakini haina maji juu. Ukikosa nafasi ya kulowesha, weka kokoto kwenye mashine na nusu ya maji yote, izungushe dakika 5 hadi 10, ndipo ulete saruji, mchanga na maji yaliyobaki. Jihadhari na kosa la upande wa pili: kokoto inayodondosha maji inaongeza maji kwenye saruji, na kipimo chako cha maji kinakuwa cha uongo.

Mshukiwa wa pili ni majivu. Majivu mazuri ya makaa ya mawe yana chembe za mviringo, na kwa kawaida hupunguza mahitaji ya maji. Yakiongeza, ama ni ya chembe kubwa au yana kaboni isiyoungua. Yapitishe kwenye chekeche ya mikroni 45 kwa maji: kiwango cha Marekani cha ASTM C618 hukataa majivu yanayobakiza zaidi ya 34% juu ya chekeche hiyo. Kuhusu kaboni, kiwango hichohicho kinaweka kikomo cha 6% cha uzito unaopotea majivu yanapochomwa kwenye tanuri la maabara. Kama maabara iko mbali, nyunyiza majivu kwenye beseni la maji na uangalie: utando mweusi unaoelea ni dalili ya kaboni. Majivu ya pumba za mpunga yana tabia tofauti. Chembe zake zina vitundu vingi ndani, na ndiyo maana hunyonya. Kuyasaga zaidi huvunja vile vitundu na kushusha mahitaji ya maji, kwa hiyo kabla ya kununua plastisaiza (dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji), ongeza muda wa kusaga. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini, maana vumbi hili lina silika.

Vumbi la mawe la machimboni ni mshukiwa wa tatu. Unga wa jiwe wenyewe hudai maji kidogo zaidi; udongo wa mfinyanzi uliochanganyika nao hudai mengi na kudhoofisha mshiko. Kile kipimo cha kutikisa mchanga kwenye chupa ya maji ya chumvi ili kuona tabaka la udongo kilitengenezwa kwa mchanga wa mtoni, na kwenye vumbi la mawe kitaonyesha tabaka nene hata pale pasipo na udongo. Afadhali kusugua vumbi lililolowa kiganjani: unga wa jiwe huoshwa ukatoka, udongo hunata na kuacha rangi. Mzigo mkubwa upelekwe maabara.

Kesho yake zege bado linabonyea

Hapa sababu ni mbili, na zinatofautishwa kwa urahisi. Ikiwa umebadilisha nusu ya saruji au zaidi kwa slagi, au 30% kwa majivu ya makaa ya mawe, na hali ya hewa ni ya baridi, ucheleweshaji ni wa kawaida. Funika zege, acha fomu muda mrefu zaidi, subiri.

Ikiwa kiasi ni kidogo na joto ni la kutosha, tafuta uchafu. Sukari ndiyo mbaya zaidi: 0.05% ya uzito wa saruji, yaani gramu 25 kwa mfuko wa kilo 50, huchelewesha kushika kwa saa 4 hivi. Chupa za soda na bia zilizosagwa bila kuoshwa hubeba sukari hiyo bila shida yoyote. Vumbi la mbao lina sukari na tanini. Vifuu vya nazi vina mabaki ya nyama yake. Majivu ya takataka za mjini yanaweza kuwa na zinki na risasi, na metali hizi nazo huichelewesha saruji.

Jaribio lake ni rahisi. Loweka malighafi kwenye maji safi kwa saa 24, uzito kwa uzito, kisha chuja. Tengeneza mota mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja kwa maji uliyochuja na nyingine kwa maji safi. Kila baada ya nusu saa chomeka msumari kwenye zote mbili. Kanuni inayotumika kukubali maji ya zege ya ASTM C1602 inafaa hapa kama mwongozo: kushika kusiwahi kwa zaidi ya saa 1 wala kusichelewe kwa zaidi ya saa 1 na nusu, na nguvu ya siku 7 isiwe chini ya 90% ya ile ya maji safi.

Chupa zioshwe kwa maji ya moto kabla ya kusagwa. Vumbi la mbao lichemshwe au liloweshwe, maji ya kahawia yamwagwe, kisha lisuuzwe kwa maji ya chokaa.

Zege lililokwisha kumwagwa usilivunje haraka. Lifunike lisikauke, lijaribu tena kwa msumari siku ya pili na ya tatu. Zege lililocheleweshwa na sukari kidogo mara nyingi huja kufikia nguvu yake. Likiwa bado linakwanguka kwa ukucha baada ya wiki, ling'oe.

Vimchemraba vya majaribio vinavunjika chini ya nguvu iliyotakiwa

Usihukumu zege la majivu kwa siku 7. Pima siku ya 7, 28, 56 na 90, uangalie mstari unavyokwenda. Namba ikiwa ndogo siku ya 7 lakini inapanda vizuri hadi 28 na kuendelea hadi 56, majivu yanafanya kazi polepole na tatizo lako ni ratiba ya kutoa fomu. Namba ikisimama tangu siku ya 28, majivu yamekufa, au hayakuwahi kuwa hai.

Kabla ya kuyalaumu, uliza yalipimwaje. Majivu ya pumba za mpunga ni mepesi sana. Lita 10 za saruji iliyolegea ni kilo 14 hivi. Lita 10 za majivu haya zinaweza kuwa kilo 4 au 5. Fundi aliyeambiwa abadilishe 10% akatoa ndoo moja ya saruji kati ya kumi na kutia ndoo moja ya majivu, ameondoa kilo 14 na kurudisha kilo 5. Zege lake limepungukiwa kilo 9, wala kosa si la majivu. Mizani ni lazima: kilo 45 za saruji kwa kilo 5 za majivu.

Vipimo vikiwa sahihi, yajaribu majivu yenyewe kwenye mota. Ya kulinganishia: gramu 500 za saruji, gramu 1,375 za mchanga safi wa kipimo, mililita 242 za maji. Ya majivu: gramu 400 za saruji, gramu 100 za majivu, mchanga uleule, na maji ya kutosha kuipa ulaini sawa na ya kwanza. Kila moja inatoa vimchemraba 6 vya milimita 50. Vitunze kwenye maji, vunja nusu siku ya 7 na nusu siku ya 28. Kwa ASTM C618, majivu yanapita yakifikisha 75% ya ile ya kulinganishia katika mojawapo ya siku hizo. Majivu ya pumba yakishindwa, uliza moto. Silika yake hubaki hai pumba zikichomwa kwa nyuzi 500 hadi 700 hivi. Moto mkali ukizidi 800 kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele na haitaki tena chokaa. Weupe wa majivu si ushahidi wa ubora, kwa kuwa yaliyoungua kupita kiasi nayo ni meupe.

Kama majivu yamepita na bado zege ni dhaifu, okota vipande vya mchemraba uliovunjika uvitazame kwa karibu kwenye mwanga. Ufa ukipita katikati ya vipande vya tofali, kokoto ndiyo dhaifu, na kuongeza saruji hakutasaidia. Vipande vya chupa, plastiki au mpira vikiwa vimechomoka vizima na kuacha alama safi kama ya mhuri, mshiko ndio umeshindwa. Ukiona mota ya zamani ya kijivu hafifu imejitenga na jiwe lake, kifusi hakikusagwa vya kutosha. Na ule uji wa saruji ukipukutika kwa kidole huku ukionyesha vitundu vidogo vingi, rudi kwenye maji.

Mpira wa matairi hauna tiba ya kweli. Kila unapoongeza, nguvu inashuka, kwa sababu kipande laini kati ya mawe magumu hufanya kazi kama tundu. Usivuke 10% ya ujazo wa mchanga, na usiutumie kwenye nguzo wala boriti. Ukiona mpira umejazana juu ya sakafu, vibreta (mashine ya kutikisa zege) imekaa muda mrefu mno: mpira ni mwepesi, nao hupanda. Plastiki vilevile.

Halafu kuna utunzaji wa unyevu. Majivu na slagi huendelea kuhitaji maji wiki kadhaa baada ya saruji ya kawaida kujitosheleza. Siku 7 za kumwagilia ni kidogo, lenga 14. Vimchemraba vilivyokaa kwenye pipa la maji huku sakafu yenyewe ikipigwa na jua vitakupa namba nzuri isiyohusiana na sakafu.

Zege linavimba na kutoa mapovu

Uso unainuka kwenye fomu, vitundu vya gesi vinatokea, na ukisikiliza kwa karibu unasikia mlio mdogo wa kuchemka. Ni aluminiamu. Alkali ya saruji huila na kutoa haidrojeni. Inatoka kwenye majivu ya chini ya tanuri za kuchomea taka, vizibo na pete za chupa, au vipande vya madirisha ndani ya kifusi. Chukua maji meupe yaliyotuama juu ya uji wa saruji, mimina kwenye mtungi wenye sampuli, usifunike, angalia kwa saa kadhaa. Mapovu yanayoendelea yanatosha kuukataa mzigo. Sumaku haiokoti aluminiamu, kwa hiyo usitegemee ile ya kutolea nondo. Majivu ya tanuri yanaweza kuachwa nje yakilowa kwa wiki nyingi hadi metali iishe nguvu, lakini jaribio lirudiwe kabla ya kuyatumia.

Nyufa za saa chache za kwanza

Zege lenye mvuke wa silika, ule unga laini sana wa viwanda vya silikoni, halitoi maji juu. Jua na upepo vikikausha uso, unapasuka kabla ya kushika. Weka asilimia 5 hadi 10 tu, tumia plastisaiza, na funika kwa nailoni mara tu baada ya kusawazisha.

Rangi ya kibuluu-kijani ndani ya zege la slagi inatisha wateja lakini haina madhara. Hutoka na salfaidi za slagi na hufifia hewa inapoingia.

Matundu yenye unga mweupe

Wiki au miezi baadaye, vipande vidogo vya uso vinaruka na kuacha matundu ya umbo la pia. Angalia chini ya tundu. Unga mweupe katikati ni chokaa huru, na kokoto iliyotumika huenda ni slagi ya kiwanda cha chuma cha pua au chuma cha kawaida, si ile ya tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Hizi mbili huchanganywa sana, kwa sababu zote huitwa slagi na hutoka kiwanda kimoja. Ya tanuri la kuyeyushia, ikipozwa ghafla kwa maji na kusagwa, ndiyo inayobadilisha saruji. Ya hatua ya pili, ile ya kutengeneza chuma, ina chokaa na magnesia zinazovimba zikilowa, na magnesia huweza kungoja miaka. Usiiweke kwenye zege la jengo bila vipimo vya uvimbe. Iache kwa barabara.

Kama nyufa zinatanuka bila matundu, na kifusi kilitoka kwenye nyumba zenye mapambo ya jasi, shuku salfati. EN 12620 inatambua daraja la kokoto ya kifusi yenye salfati inayoyeyuka isiyozidi 0.2% ya uzito. Jasi iondolewe kwa mkono kabla ya kusaga. Ikishasagwa hujificha kwenye unga, na ndiyo maana unga wa kifusi chini ya milimita 4 ni heri kuutupa.

Nondo zinashika kutu mapema

Magamba ya baharini na majivu ya taka huleta chumvi. Kloridi kwenye zege lenye nondo isizidi 0.4% ya uzito wa saruji, na EN 206 ina daraja kali zaidi la 0.2%. Osha kwa maji matamu, kisha pima. Sababu nyingine haihusiani na chumvi: majivu mengi hula chokaa inayoilinda nondo, na hewa ya kaboni hupenya haraka zaidi. Vunja kona ndogo, nyunyizia fenolftaleni kwenye mpasuko mbichi. Palipogeuka waridi bado pana alkali. Pasipobadilika pamekwisha, na kina chake kikifika nondo ni lazima urekebishe zege linaloifunika nondo.

Nyufa za ramani kwenye zege la chupa

Mtandao wa nyufa, ute mweupe unaotoka na kukauka, kingo zinasukumana. Alkali ya saruji imeishambulia silika ya chupa na kutengeneza jeli inayovimba kwa maji. Vipande vya milimita 1 hadi 2 ndivyo vibaya zaidi. Chupa hiyohiyo ikisagwa kuwa unga wa chini ya mikroni 75 hufanya kazi kama pozolana na kusaidia. Kwa hiyo saga zaidi, au ukitaka rangi ya vipande, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya saruji kwa majivu ya makaa ya mawe yenye chokaa kidogo, au nusu ya saruji kwa slagi. Hakikisha kwa vipande vya mota vilivyozamishwa siku 14 kwenye soda kali ya nyuzi 80: kurefuka chini ya 0.10% ni salama, juu ya 0.20% kataa, katikati endelea na kipimo cha muda mrefu. Zege lililokwisha kupasuka hivyo, kazi iliyobaki ni kulinyima maji: elekeza mifereji mbali, paka kizuizi kinachoruhusu mvuke kutoka, pima upana wa nyufa mara mbili kwa mwaka.